Fundi Joginder Singh, Simba wa Njia za Matope

Mwezi huu nataka kuwasimulieni habari za mtu ambaye hakuwa mfalme, wala jemadari, wala mhubiri. Alikuwa fundi wa motokaa, mwenye mafuta mikononi na spana mfukoni. Hakuzaliwa katika nchi yetu, wala hakuwa wa dini yetu. Hata hivyo jina lake lilitajwa katika Afrika ya Mashariki yote, toka pwani hata Ziwa Viktoria, na watoto waliokuwa wakisukuma magari ya miti na visoda waliligombania jina hilo, kila mmoja akitaka awe yeye. Huyo ndiye Joginder Singh, ambaye watu wa Kenya walimwita Simba.

Kwanza niseme kwa nini nimeshika kalamu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na mvulana mmoja darasani ambaye hesabu zilimshinda. Lakini saa ya mapumziko ungemkuta amekaa chini, amefungua baiskeli ya mtu mpaka kipande cha mwisho, na kengele ya kuingia darasani hakuisikia. Siku moja nikakasirika, nikamwambia mbele ya wenzake wote: “Wewe utaishia chini ya motokaa.” Darasa likacheka. Yule mtoto hakucheka. Mwaka uliofuata hakurudi shuleni.

Sasa, masika iliyopita nilikuwa safarini kurudi Ifakara usiku, katika gari ambalo ndani yake alikuwamo mama mmoja mgonjwa anayepelekwa hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Gari likafa katikati ya matope. Dereva akapiga simu, na baada ya muda kidogo akaja kijana na pikipiki na kurunzi, akalala kifudifudi katika maji, akaingia chini ya gari. Alipotoka alikuwa amepakwa udongo mpaka nyusi. Akanitazama, akaniamkia, “Shikamoo, Mwalimu.” Alikuwa ni yule mtoto. Nikaitika marahaba, lakini neno jingine sikulipata. Gari likawaka, tukafika, na mama yule akapokewa. Tangu usiku ule nimekuwa nikifikiri habari za mafundi, na katika kufikiri huko ndipo nilipomkumbuka Joginder Singh.

Tuanze na asili ya watu wake. Mwaka 1896 Waingereza walianza kujenga reli toka Mombasa kwenda Ziwa Viktoria, nayo ilifika ziwani mwaka 1901. Kwa kazi hiyo walileta vibarua na mafundi zaidi ya 31,000 kutoka Bara Hindi, wengi wao wakitoka katika jimbo la Punjab. Karibu watu 2,500 katika hao walikufa kwa maradhi, kwa ajali na kwa simba wa Tsavo. Wengi walirudi kwao mikataba yao ilipokwisha, na wengine wapata 6,700 wakabaki. Baada ya hao wakafuata jamaa zao na wengine waliosikia kwamba huku kuna kazi. Katika watu hao walikuwamo Masingasinga, wale wafungao vilemba na wasiokata nywele wala ndevu. Kila mwanamume wa dini yao huitwa Singh, na maana ya neno hilo ni simba. Wazee wetu waliwaita Makalasinga, wakawajua kuwa ni maseremala, wahunzi na mafundi wa vyuma. Penye mashine ya kukoboa, penye kinu cha kupasua mbao, penye lori lililovunjika springi, hapo hukukosa kumkuta Kalasinga mmoja na nyundo yake.

Joginder Singh alizaliwa tarehe 9 Februari 1932 huko Kericho, katika nchi ya chai ya Kenya. Baba yake alikuwa na karakana ya magari, na huko ndiko alikojifunza kazi, kwa kuona na kushika. Alikua kati ya injini zilizofunguliwa, akajua sauti ya kila chuma kama vile mtoto wa mvuvi wa Kivukoni ajuavyo maji yenye kina na maji yenye mchanga. Alipokuwa kijana alipata kazi katika chama cha wenye motokaa cha Afrika ya Mashariki. Kazi yake ilikuwa kuzunguka barabarani na kuwatafuta wasafiri walioharibikiwa, ili awatengenezee magari yao waende zao. Wasomaji wanaijua habari ya Msamaria aliyemkuta mtu njiani akasimama. Basi huyu naye mshahara wake ulikuwa wa kusimama njiani. Mimi nadhani katika kazi hiyo ndipo alipojifunza njia za nchi hizi, na kuona ni kitu gani huvunjika kwanza, na kwa sababu gani.

Sasa yafaa nieleze habari za mashindano. Mwaka 1953, Elizabeth wa Pili alipotawazwa kuwa malkia wa Uingereza, wenye magari wa Kenya, Uganda na Tanganyika walifanya mashindano ya safari ndefu kwa ajili ya sherehe hiyo. Watu wakayapenda, yakawa ya kila mwaka. Mwaka 1960 yakapewa jina la East African Safari. Baadaye yakafanywa siku za Pasaka, na ninyi nyote mnajua Pasaka huangukia majira gani. Ndiyo masika yenyewe, mito imejaa na barabara zimegeuka majaruba. Kwa siku nne au tano madereva walikwenda usiku na mchana mwendo wa kilomita kama 5,000, katika vumbi la nyika, katika mawe ya milimani, na katika matope kama yale ya Mbulu hapa nchini kwetu, ambayo wageni wa Ulaya waliyaogopa kuliko mambo yote. Kila gari lilikuwa na saa zake za kufika katika vituo, na kila dakika ya kuchelewa iliandikwa kuwa kosa. Aliyeshinda ni yule mwenye makosa machache kupita wote.

Sisi watu wa bonde la Kilombero hatuna haja ya kuelezwa matope ni nini. Mvua zikianza kunyesha sana, maji hushuka toka milima ya Udzungwa upande mmoja na toka Mahenge upande wa pili, na mbuga yote huwa ziwa. Wandamba hutembea kwa mitumbwi mahali walipopita kwa miguu wakati wa kiangazi. Wazee wetu wanakumbuka malori yaliyolala njiani majuma mazima kati ya Kidatu na Ifakara, na watu wa Mahenge waliongoja kivuko wakati mto umefurika. Kivuko hicho kilipinduka Januari 2016. Daraja la Magufuli, lenye urefu wa mita 384, lilifunguliwa rasmi mwaka 2018, na tangu hapo watu huvuka mto bila kungoja pantoni. Kwa hiyo mtu akituambia kwamba fulani alipita na motokaa ndogo katika masika, usiku, bila kulala, kilomita 5,000, sisi twajua kipimo cha jambo hilo.

Joginder Singh aliingia katika mashindano hayo kwa mara ya kwanza mwaka 1959. Hakuwa tajiri, wala hakuwa na kiwanda cha kumpa gari jipya na mafundi wa kumfuata. Gari aliliandaa mwenyewe. Mwaka 1963 mvua zilikuwa kali mno. Yalianza magari 84, yakamaliza 7 tu. Joginder na ndugu yake Jaswant walikuwa wa nne, katika Fiat. Hao saba wakapewa sifa kubwa, na watu wakaanza kuuliza, “Huyu Kalasinga ni nani?”

Jawabu walilipata mwaka 1965, na hapa ndipo penye kiini cha habari yangu. Mwaka uliotangulia, yaani 1964, kiwanda cha Volvo cha Sweden kilikuwa kimeleta magari yake katika Safari, na madereva wake hodari kutoka Ulaya. Yote yalishindwa. Gari moja katika hayo, la namna iitwayo PV544, lenye mgongo wa mviringo kama kobe, likabaki Nairobi, likauzwa kama kitu kilichokwisha kutumika. Joginder na Jaswant wakalinunua. Watu wenye akili za biashara wangesema wamenunua mabaki ya msiba.

Lakini fundi halitazami gari kama sisi tunavyolitazama. Sisi huuliza, “Ni jipya au kuukuu?” Fundi huuliza, “Ni nini kilichochoka, na ni nini kingali na nguvu?” Ndugu wale waliona kwamba bati la gari lile ni nene, na injini yake ya silinda nne ni imara. Kwa hiyo wakalishughulikia kwa mikono yao wenyewe, wakikagua kila kilichopata taabu katika safari ya kwanza, wakiondoa kilichochakaa na kutia kingine. Gari likaisha kuwa mabaki ya msiba, likawa gari lililokwisha kufundishwa na njia.

Katika Pasaka ya mwaka 1965 gari hilo likaondoka Nairobi pamoja na mengine mapya yaliyotumwa na viwanda vikubwa. Siku baada ya siku yale mapya yakaanguka mitaroni, yakavunjika springi, yakapasuka injini. Lile kuukuu likaendelea. Liliporudi Nairobi lilikuwa la kwanza, na la pili yake lilikuwa nyuma kwa nafasi kubwa. Ndugu wawili wa Kenya, wenye gari la mitumba, waliwashinda mabingwa wa dunia. Kabla ya hapo hapakuwa na dereva Mhindi aliyepata kuishinda Safari. Kenya ilikuwa na umri wa mwaka mmoja na miezi michache tangu kupata uhuru, na watu walijiuliza kama Wahindi waliozaliwa humo watahesabiwa kuwa wananchi au wageni. Sitasema kwamba mashindano ya magari yaliweza kulimaliza shauri hilo, maana halikumalizika kwa urahisi. Lakini watu waliosimama kando ya njia siku ile, Waafrika na Wahindi na Wazungu, walimpigia kelele za furaha mtu mmoja, wakamwita Simba wa Kenya. Jina la ukoo wa dini yake wakaligeuza kuwa jina la nchi nzima.

Hapa Ifakara yuko mzee mmoja fundi ambaye ameshika kazi hiyo tangu ujana. Nilikwenda kumwuliza habari za siku zile. Nilimkuta amekaa mbele ya makopo yake, kila kopo lina vipuri vya namna yake: nati za Land Rover za zamani, vali, pampu za mafuta, bearingi zilizosuguliwa mpaka zikang’aa. Mzee huyu hatupi kitu. Nikamwamkia, nikakaa. Akaniambia, “Mwanangu Mwalimu, tulisikiliza kwa redio ya mwenye duka, tumejaa barazani. Walipotaja kwamba gari lile lilikuwa kuukuu, mimi nikaondoka pale, nikarudi karakana. Bwana wangu akaniuliza, mbona umerudi usiku? Nikamwambia, nataka kulitazama tena lori lile tulilosema limekufa.” Nikamwuliza, “Mlilifufua?” Akacheka, akasema, “Lilibeba mpunga miaka tisa.”

Turudi kwa Joginder. Baada yake, katika mwaka 1966 na 1967, Safari ilishindwa na Bert Shankland wa Dar es Salaam, pamoja na Chris Rothwell, katika Peugeot 404, na watu wa Tanzania wakafurahi kwa zamu yao. Mwaka 1968 masika ikawa kali tena kama ile ya 1963. Yalianza magari 93, na yaliyomaliza yakawa 7 tena. Joginder alikuwamo vilevile katika hao saba. Wengine walishinda mara moja, wasionekane tena, lakini huyu alikuwa mtu wa kufika. Alishindana katika Safari zaidi ya mara ishirini, hata mwaka 1980, na mara alizokwama njiani zilikuwa chache mno. Mimi naona sifa hii ya kufika ni kubwa kuliko ile ya kutangulia.

Mwaka 1974 alikuja na gari dogo la Kijapani, Mitsubishi Lancer, lenye injini ya lita 1.6, na mwenzake garini alikuwa David Doig. Wakati huo magari ya Japani yalidharauliwa na wengi. Mbele yake walikuwapo madereva wa Ulaya wenye magari ya nguvu, mmoja wao Björn Waldegård wa Sweden mwenye Porsche. Safari ilipokwisha, Lancer ilikuwa ya kwanza na Porsche ya pili. Huo ndio ulikuwa ushindi wa kwanza wa Mitsubishi katika mashindano ya ubingwa wa dunia. Mwaka 1976 Joginder na Doig wakashinda tena, na nafasi ya pili na ya tatu zikachukuliwa na Lancer vilevile. Kwa ushindi huo Joginder akawa mtu wa kwanza kuishinda Safari mara tatu. Baadaye Shekhar Mehta, aliyezaliwa Uganda, alimpita kwa kushinda mara tano, kati ya mwaka 1973 na 1982.

Katika uzee wake Joginder alikaa Uingereza, na huko London alifariki tarehe 20 Oktoba 2013, akiwa na umri wa miaka 81. Mashindano yenyewe yalibaki Kenya peke yake baada ya kuacha kupita Tanzania na Uganda. Baada ya mwaka 2002 yaliondolewa katika ubingwa wa dunia, na mwaka 2021 yakarudishwa, yakafanyiwa Naivasha. Tena tangu mwaka 2003 yameanzishwa mengine, ya magari ya zamani tu, kama yale ya siku za Joginder. Waldegård yule aliyeshindwa mwaka 1974 alikuja akashinda haya ya magari ya zamani mwaka 2011, hali ni mzee. Ili magari hayo yaweze kwenda hutafutwa mafundi wanaojua kazi za kale, na watu wanaotunza vipuri katika makopo kama mzee wetu wa Ifakara. Vitu ambavyo vijana walisema vitupwe, leo hutafutwa kwa fedha nyingi.

Labda msomaji mmoja atasema: “Mwalimu, mbio za magari ni upuuzi wa dunia. Petroli huteketea bure, na watu wengine hufa. Mkristo ana nini na hayo?” Neno hili si baya, wala silikatai lote. Kwenda mbio bila haja ni ujinga, na katika barabara zetu tumezika vijana wa bodaboda ambao walitaka kuwa simba bila kuwa mafundi. Lakini tazameni jambo hili vizuri. Joginder hakushinda kwa kukanyaga mafuta kuliko wengine. Wengine walikanyaga zaidi, wakabaki mitaroni. Yeye alishinda kabla ya kuondoka Nairobi, katika usiku ule alipokuwa akikaza nati ambazo hapana mtu angeziona. Kijana mwenye pikipiki ambaye hakutazama breki zake mwezi mzima, naye akajiita dereva, hajaijua hata herufi ya kwanza ya kazi ya Joginder.

Tena kuna jambo la pili, nalo linatuhusu sisi walimu na wazazi. Katika kitabu cha Kutoka tunasoma habari za Bezaleli, ambaye Mungu alimjaza roho yake apate hekima ya kuchonga mti, kukata vito na kufanya kazi za dhahabu, fedha na shaba. Hakumjaza roho ili awe karani. Nasi je? Tumewafundisha watoto kwamba kalamu ni heshima na nyundo ni adhabu. Mtoto akishindwa mtihani twasema, “Basi aende gereji,” kama vile tunavyosema habari ya kitu kilichooza. Kisha gari la mgonjwa likikwama usiku, twasimama kando ya njia na vyeti vyetu, tukimngoja yule tuliyemcheka.

Mimi nasema haya kwa aibu, maana si habari ya watu wengine. Nilikwenda kwa kijana yule mahali anapofanyia kazi, chini ya mwembe, nikiwa nimechukua daftari. Nikamwambia mbele ya wanafunzi wake wawili, maana naye sasa ana wanafunzi, kwamba neno nililomwambia darasani halikuwa haki. Akanyamaza kitambo, akifuta mikono kwa kitambaa. Kisha akasema, “Mwalimu, uliniambia nitaishia chini ya motokaa. Ni kweli niko chini ya motokaa. Ila hukuniambia kwamba ukiwa huko chini unaona mambo mengi.” Tukacheka wote wawili, na moyo wangu ukawa mwepesi kidogo.

Akaniomba jambo moja. Vitabu vya kutengenezea injini mpya vina hesabu za vipimo ambazo yeye hazimwelei, na vijana wake pia hazifahamu. Basi sasa kila Jumamosi baada ya saa kumi nakwenda pale chini ya mwembe. Mimi nawafundisha desimali na milimita, na wao wananifundisha kusikiliza injini. Hesabu zile zilizomshinda darasani anazielewa upesi, kwa kuwa sasa ana chuma cha kuzipimia.

Wazazi wa bonde hili, mkimwona mtoto anafungua kitu ili aone ndani yake mna nini, msimpige kwanza. Mwulizeni kama anaweza kukirudisha kama kilivyokuwa. Akiweza, mpeni kingine. Akishindwa, mpeleke kwa fundi mwenye subira, wala msimtoe shuleni kwa ajili hiyo, maana mkono na kitabu vyahitajiana. Joginder Singh alianza hivyohivyo katika karakana ya baba yake huko Kericho, na gari lililotupwa na wengine likamfikisha mbele ya wote.

Ni mimi mwalimu wenu,
Ifakara.